LED haifi hovyo, kinachokufa ni jirani yake



Najua nimekuwa kimya sana, karibu miezi miwili. Sijahama wala sijadisko! Nilikuwa fildi, mazoezi ya kufundisha, upande wa Geita, kwenye shule moja ya kata ambako ukishuka kwenye daladala unamalizia safari na bodaboda. Wakati wa kurudi nikapita nyumbani Shinyanga, wazee wazima, wanawasalimu. Haya, tuendelee.

Leo nataka tuongee kuhusu taa. Ndiyo, taa za LED, msicheke. Juzi hapa hosteli kulitokea ubishi mkali. Jamaa mmoja balbu yake ya LED imezima baada ya wiki tatu, basi akahitimisha kwamba LED zote ni utapeli na bora turudi kwenye balbu zetu za zamani. Na watu wakamuunga mkono, tena wengine wanasoma sayansi! Mimi napinga. Na kwa kuwa kwenye ubishi wa hosteli anayeshinda ni mwenye sauti kubwa, nimeona nije kupinga hapa kwa utulivu.

Msimamo wangu ni huu. LED ni moja ya vitu bora kabisa vilivyowahi kuingia kwenye nyumba na machimbo ya huku kwetu. Tatizo ni jinsi tunavyoinunua. Siku hizi taa inakuja ikiwa imeunganishwa kila kitu kwenye ganda moja: LED zenyewe, saketi ya kuziendesha, na kwa taa za kichwani na betri pia. Sisi dukani tunaangalia ukali wa mwanga tu, basi. Lakini kinachokufa mara nyingi sio ule mwanga, ni vile vitu vilivyofungiwa pamoja nao. Na kwa mtu anayeshuka duarani hilo sio suala la kupoteza elfu tano.

Kwanza tukumbushane tulikotoka. Wengi wetu wa usukumani tumesoma kwa kibatari: kopo, utambi wa pamba, mafuta ya taa. Ukiamka asubuhi puani masizi. Na kila kijiji kina stori ya nyumba ya nyasi iliyoungua au mtoto aliyemwagikiwa na mafuta. Halafu mwaka 2011 serikali ikapandisha ushuru wa mafuta ya taa ili kukomesha uchakachuaji wa dizeli. Uchakachuaji ni kweli ulikuwa kero, lakini kwa mama wa kijijini kibatari nacho kikawa ghali. Tochi na taa ndogo za LED zilipojaa magulioni, watu hawakuhitaji semina ya kuhamasishwa. Walihesabu wenyewe.

Machimboni hali ilikuwa hivyo hivyo. Mjomba wangu mmoja amechimba sana Nyarugusu, na anasema enzi zao walikuwa wanafunga tochi ya betri kubwa kichwani kwa mpira wa tyubu ya baiskeli. Tochi nzito, balbu yake ya uzi, ukiigonga kwenye mwamba uzi unakatika na uko gizani. Betri zikiisha zinatupwa hapo hapo. Leo nenda Katoro siku yoyote, utakuta meza zimejaa taa za kichwani za LED za kila aina. Mikono yote miwili iko huru, moja kwenye nyundo na nyingine kwenye tindo. Hayo ni maendeleo, tusibishane.

Sasa inafanyaje kazi? Nitajaribu kueleza kama nilivyowaeleza wanafunzi wangu, maana nao waliuliza.

Balbu ya zamani ni uzi unaochomwa na umeme mpaka unang'aa. Yaani ni jiko linalotoa mwanga kwa bahati. Chini ya sehemu moja ya kumi ya umeme wake ndiyo inakuwa mwanga, nyingine yote ni joto. LED haichomi kitu. Ni diodi, kipande kidogo cha semikondakta chenye pande mbili. Upande mmoja una elektroni za ziada, upande wa pili una matundu, yaani nafasi ambazo elektroni zinakosekana. Ukipitisha umeme kwa mwelekeo sahihi, elektroni zinavuka mpaka na kudondokea kwenye matundu. Kila inayodondoka inatoa nishati yake kama chembe ya mwanga. Urefu wa huo mdondoko ndio unaoamua rangi: mfupi unatoa nyekundu, mrefu unatoa bluu.

Nyekundu ilipatikana mapema. Nick Holonyak wa Marekani alitengeneza LED nyekundu mwaka 1962, ndiyo maana redio za zamani zote zina kile kitaa chekundu. Kazi ilikuwa kwenye bluu. Ilichukua miaka karibu thelathini mpaka Wajapani Isamu Akasaki, Hiroshi Amano na Shuji Nakamura walipofanikiwa kwa kutumia galiamu naitraidi, na mwaka 2014 wakapewa Nobel ya fizikia. Mtauliza bluu ya nini wakati tunataka nyeupe? Ni kwamba LED nyeupe kwa kawaida ni ya bluu iliyopakwa unga wa fosfa. Fosfa inameza sehemu ya bluu na kutoa njano, na bluu ikichanganyika na njano jicho linaona nyeupe. Ukitaka ushahidi, angalia tochi yako ikiwa imezimwa: utaona vile vidoa vya njano. Ndiyo hiyo fosfa.

Na wale wazee wa Nobel hawakutoa zawadi kwa ajili ya taa za disko. Kwenye tangazo lao walisema wazi kwamba taa hii inaweza kuboresha maisha ya watu zaidi ya bilioni 1.5 duniani wasio na umeme wa gridi. Yaani walikuwa wanaongelea vijiji vyetu!

Kwa nini vijiji vyetu? Sababu LED moja nyeupe inahitaji volti 3 hivi, na seli moja ya lithiamu inatoa 3.7. Vinaendana kama ugali na dagaa. Huhitaji transfoma wala betri ya gari. LED, kasaketi kadogo na seli vinakaa kwenye kitu cha ukubwa wa ngumi, kipaneli kidogo cha sola kinakichaji mchana, usiku mtoto anasoma. Kwa mafuta ya taa au balbu ya uzi usingeweza.

Kwenye umeme wa LUKU nako hesabu inaeleweka. Balbu ya uzi ya wati 60 inatoa lumeni 800 hivi. Lumeni ndicho kipimo cha mwanga wenyewe, wati ni umeme unaoliwa tu. Iwashe saa tano kila usiku kwa siku 30, imekula uniti 9. Enaji seva ya wati 14 kwa mwanga huo huo inakula uniti 2.1. LED ya wati 8 inakula 1.2. Kwa nyumba yenye taa nne zidisha mwenyewe.

Halafu kuna hili ambalo sisi watu wa ukanda wa dhahabu tunapaswa kuliona haraka kuliko wengine: enaji seva ina zebaki ndani. Kidogo sana, miligramu chache, haifikii hata kidogo ile ya mialoni ambako zebaki inapimwa kwa gramu na kuchomwa hewani. Lakini ni zebaki. Mkataba wa Minamata, ambao Tanzania iliuridhia mwaka 2020, ndio uliogusa yote mawili, dhahabu ya wachimbaji wadogo na taa. Nchi wanachama zilikubaliana kukomesha utengenezaji na biashara ya kimataifa ya enaji seva za kawaida mwisho wa 2025, na tubulaiti zimewekewa mwisho wa 2027. Kwa hiyo anayesubiri turudi nyuma atasubiri sana. LED haina zebaki.

Haya, sasa nije kwenye balbu ya jamaa yetu. Ilikufaje kwa wiki tatu wakati boksi limeandikwa saa 25,000?

Ndani ya ganda la balbu ya LED kuna vitu vitatu. Kuna sahani ya alumini yenye LED ndogo ndogo zilizoungwa kwa mfululizo. Kuna draiva, ile saketi inayochukua umeme wa volti 230 unaogeukageuka na kuufanya mkondo tulivu wa upande mmoja. Na kuna ganda lenyewe ambalo kazi yake kubwa ni kutoa joto nje. LED haitupi joto mbele kama balbu ya uzi, linabaki nyuma yake, lazima livutwe na alumini. Sasa mtengenezaji anayebana gharama anapunguza alumini, anaweka draiva ya bei chee, halafu anaziendesha LED kwa mkondo mkubwa kupita uwezo wake ili dukani zing'ae. Muuzaji anaiwasha, macho yanakuuma, unatoa hela.

Ukifika nyumbani unaifunga kwenye kikombe cha glasi chini ya bati la Shinyanga. Joto halina pa kwenda. Kwenye draiva kuna kapasita ya elektroliti, yenye majimaji ndani, na kanuni ya mafundi ni kwamba joto likipanda nyuzi 10 maisha yake yanapungua kama nusu. Inakauka, taa inaanza kupepesa, inakufa. LED zenyewe mara nyingi ziko hai kabisa! Au LED moja kati ya kumi inaungua, na kwa kuwa zimeungwa kwa mfululizo zote zinazima. Fungua utaona moja ina kidoa cheusi katikati. Fundi redio anaijua hiyo, anairukisha kwa tone la risasi na balbu inawaka tena. (Tafadhali msijaribu ikiwa kwenye umeme, draiva nyingi za bei chee hazitenganishi volti 230 na ile sahani. Itakuua.)

Kwa hiyo jamaa hakuuziwa LED mbovu, aliuziwa draiva mbovu ndani ya ganda lililogundishwa. Na hilo gundi ndilo linaloniudhi. Zamani balbu ikiungua unabadilisha balbu, holda inabaki. Sasa kuna zile taa bapa za darini ambazo kila kitu ni kimoja: draiva ya elfu chache ikifa, unatupa taa nzima. Wenzetu wa Umoja wa Ulaya tangu Septemba 2021 wana kanuni kwamba taa na draiva yake viweze kubadilishwa kwa vifaa vya kawaida bila kuharibu kitu, isipokuwa mtengenezaji aeleze sababu ya kiufundi. Sisi tunaojenga madarasa na mabweni mengi kuliko wakati wowote, kwa nini tusiulize swali hilo kabla ya kununua? Mkuu wa shule akiletewa taa za mradi aulize kitu kimoja tu: hii draiva inatoka?

Nikirudi machimboni, hapo ndipo jambo linakuwa zito. Wengi mnakumbuka Nyangalata, Kahama, Oktoba 2015. Wachimbaji walifukiwa, na watano wakatolewa hai baada ya siku 41. Arobaini na moja! Giza la chini ya ardhi sio giza la umeme kukatika, ambapo macho yanazoea na unaona kivuli cha mlango. Kule macho hayazoei kitu, hakuna cha kuzoea. Hata bila kifusi, mtu aliyezimikiwa na taa kwenye ngazi ya magogo mita thelathini chini anaweza asifike juu.

Na betri nyingi za kwenye hizo taa zinadanganya. Seli iliyo maarufu inaitwa 18650, maana yake upana milimita 18 na urefu milimita 65. Seli nzuri za kipimo hicho huishia kama milliampia-saa 3,500 hivi. Wewe mezani unauziwa iliyoandikwa 9,900! Haiwezekani, ni sawa na kuambiwa ndoo ya lita ishirini imebeba lita sitini. Tuseme yako kweli ina 2,000. Zidisha kwa volti 3.7 unapata wati-saa 7.4. Ukiiwasha kwa wati 3, imekwisha ndani ya saa mbili na nusu. Kwa wati 1 inakwenda saa saba. Ukiwa umekaa tu unasubiri, kwa mwanga hafifu wa sehemu ya kumi ya wati, ni saa 74, siku tatu. Seli ile ile! Ndiyo maana kile kitufe cha kupunguza mwanga ambacho vijana wanakiona cha wazee ndicho kitufe cha maana kuliko vyote. Na wapenzi wa kuingia mapangoni huko Ulaya na Marekani wana kanuni ya zamani kwamba kila mtu abebe vyanzo vitatu vya mwanga. Sisi tunashuka na kimoja, tena kilichochajiwa kibandani kwa haraka.

Kuna jambo jingine ambalo mjomba ndiye aliyenifumbua. Nilikuwa namsifia taa hizi, akanikata: "Ng'wanawane, kibatari kilikuwa kinazimika kabla yako." Akimaanisha kwamba zamani ukishusha moto duarani ukazimika, unajua hewa ni mbaya, hushuki. Na ni kweli kifizikia. Hewa ya kawaida ina oksijeni asilimia 21, na mwali wa mshumaa unazimika ikishuka hadi 16 au 17 hivi. LED haihitaji oksijeni. Itang'aa vizuri kabisa pembeni ya mtu aliyezimia. Ni faida, kwa sababu haili hewa ya duara, lakini pia haikuonyi kitu. Na hata ule moto haukuonyi kuhusu moshi wa pampu ya petroli au jenereta iliyowekwa mdomoni mwa duara. Kaboni monoksaidi inaua huku mshumaa unawaka. Simaanishi turudi kwenye vibatari. Namaanisha ukishachukua taa mpya, jukumu la kupima na kupuliza hewa linabaki kwako, taa haikulifanyii tena.

Basi kwa faida ya wadau, nikinunua taa leo naangalia hivi:

1. Lumeni, sio wati. Taa isiyoandika lumeni naiacha.
2. Uzito. Ikiwa nyepesi kama ganda la yai, hakuna alumini humo.
3. Nawasha halafu naitazama kwa kamera ya simu. Ikionyesha mistari mizito inayotembea, draiva yake ni dhaifu na mwanga unapepesa hata kama jicho halioni. Kwa mtu wa kusoma usiku, hiyo ni kichwa kuuma.
4. Taa ya kuchaji: je, betri inatoka? Kama imegundishwa, siku betri ikifa na taa imekufa.
5. Nyumbani, siifungii kwenye kikombe kisicho na tundu la hewa.

Halafu ombi langu kwa walimu wenzangu, hasa wa fizikia. Shule niliyokuwa haina maabara ya maana. Mada ya elektroniki inafundishwa kwa kuchora ubaoni, mtoto anakariri "diodi hupitisha umeme upande mmoja" na hajawahi kuishika. Wakati huo huo kijiji kizima kimetupa balbu na tochi mbovu za LED jalalani! Niliokota kumi hivi, nikazifungua mbele ya darasa, tukachukua LED moja moja na betri mbili ndogo za volti 1.5. Ukiunga hivi inawaka, ukigeuza haiwaki. Darasa lilipiga kelele mpaka mwalimu wa jirani akaja kuchungulia. Binti mmoja ambaye baba yake ni mchimbaji aliniuliza kama anaweza kuondoka na draiva akamwonyeshe baba. Sijawahi kupata swali zuri hivyo kwa chaki.

Hao watoto wengi wao wataishia duarani au kuolewa na wa duarani, tusidanganyane. Wakijua kusoma betri na kujua kwamba mwanga mkali sio hewa safi, tutakuwa tumewafundisha kitu hata kama mtihani hawakufaulu.

Ni hayo tu kwa leo. Wiki ijayo, Mungu akipenda, nitawaletea stori ya msosi wa kafeteria na bei zake mpya. Hilo nalo linahitaji mwanga.